Sinia la Asiyekuwapo

Wapo wasemao asiyekuwapo na lake halipo. Katika mji wa Nadaura haikuwa hivyo. Mtu akiwa safarini, au vitani, au popote ambapo mama yake hamwoni, nyumbani kwao huandaliwa sinia lake dogo kila jioni: bakuli la wali, bakuli la supu lenye kifuniko, kipande cha samaki, achari kidogo, na vijiti vyake vya kulia vimelazwa mbele. Huandaliwa ili huko aliko asilale na njaa. Kisha kifuniko cha supu hufunuliwa, na kikiwa na matone ya jasho kwa ndani, watu wa nyumbani hushusha pumzi. Msafiri wao yu hai.

Tome Iwakiri alikuwa akimwandalia mwanawe sinia tangu majira ya kuchipua, na sasa theluji ilikuwa imefika madirishani.

Sohei alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kwenye kibanda cha ishara, pale njia zinapoachana kabla ya kituo. Siku dude la ajabu lilipotoka baharini kwa mara ya kwanza, jeusi, refu kupita paa la hekalu, likikokota matope na nyavu za wavuvi mgongoni, watu wote walikimbilia kilimani. Sohei alibaki, kwa sababu garimoshi la abiria lilikuwa njiani na hapakuwa na mwingine wa kulipungia bendera nyekundu. Garimoshi lilisimama salama nje ya mji. Kibanda kilikanyagwa. Walipofukua waliona kofia yake na kiatu kimoja. Yeye hawakumwona.

Mizinga ya serikali haikufua dafu. Dude liliporudi, watu walikwisha kukata tamaa, ndipo akatokea yule wa kulikabili: mtu mrefu kama lenyewe, ngozi yake ya shaba kama birika jipya, hana mdomo wala pua, ana macho mawili yawakayo kama taa za garimoshi. Akalisukuma dude mpaka baharini, kisha akatoweka nyuma ya rasi. Watu wakamwita Akagane, yaani shaba. Watoto wakamtungia wimbo wa kuruka kamba, na kinyozi akamchora ukutani.

Tome hakuwa na neno na Akagane. Alichoma samaki wake, akapika supu yake, akawahudumia wale watu wa reli wachache waliobaki, maana alikuwa na mkahawa mdogo karibu na kituo. Jioni akaandaa sinia.

"Umemwekea tena, dada?" Kinu alimwuliza. Huyu alikuwa jirani yake, muuza tofu, mwenye ulimi usiolala.

"Nimemwekea."

"Supu yoyote ya moto hutoa jasho kwenye kifuniko. Hata ungemwandalia paka wangu aliyekufa."

"Najua. Ndiyo maana naichemsha sana."

Kinu akaguna. "Mtawa wa hekalu ananiuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Mazishi lini? Mwenzangu, hata kiatu huzikwa."

"Kiatu hakijafa," Tome akasema, akampa kipande cha figili ya kuchemsha ili anyamaze.

Alikuwa na sababu yake. Zamani, wakati wa vita, alimwandalia mumewe sinia vivyo hivyo, mpaka lilipokuja sanduku jeupe kutoka jeshini. Ndani ya sanduku mlikuwa na jiwe. Jiwe tu, lililookotwa sijui barabara gani. Akaambiwa alilie. Akalilia, kisha akapika wali na kumpakulia mumewe kama wanavyopakuliwa wafu. Pale kwao, aliye hai hupakuliwa mara mbili, hata kama mara ya pili ni punje chache za kugusia tu. Aliyekufa hupakuliwa mara moja, kwa sababu harudi kuomba kuongezwa. Miaka ikapita, na Tome hakuacha kuufikiria mkono wake siku ile. Aliona ni kama yeye ndiye aliyemfungia mumewe mlango kwa mwiko wa wali, wakati labda alikuwa bado njiani. Kwa hiyo alikuwa ameapa: Sohei hatapakuliwa mara moja na mtu yeyote, mpaka mama yake amwone kwa macho.

Profesa Kuzuhara alianza kuja kula pale wakati wa kiangazi.

Mji mzima ulimjua. Aliishi katika nyumba nyeupe kule rasini pamoja na mitambo yake, na kila mara Akagane alipotokea, taa ya kijani iliwaka kwanza dirishani kwake. Basi watu walisema ndiye anayemwita. Meya alimwinamia. Wanawake walimtaja kwa sauti ya chini. Naye alipita mlango wa nyuma, mzee mwembamba, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, miwani imefungwa kwa uzi mahali kishikio chake cha sikioni kilipovunjika, na kila saa akiisukuma juu ya pua kwa kidole kimoja.

Tome alimwangalia kama anavyowaangalia wateja wote. Akaona kwamba viatu vyake huvigeuza vizuri vitazame mlango. Akaona hakai kamwe karibu na jiko la makaa, huwaachia watu wa reli. Akaona kikapu cha makaa cha mkahawa hujaa siku Profesa anapokuja, na bati la paa lililokuwa likipigapiga kwenye upepo limepigiliwa misumari. Alipomuuliza, Profesa alifuta miwani kwa tai na kuuliza kama bado kuna supu.

Jioni moja alikuwa peke yake. Tome alikwisha kufunua kifuniko na kuona matone. Akalichukua sinia, akaliweka mbele yake.

"Kula na hiki, Mwalimu."

"Cha nani hiki, Mama?"

"Cha mwanangu, yuko safarini. Chakula cha msafiri hakimwagwi, huliwa na mtu wa nyumbani. Mimi nimeshiba, na mbavu zako naziona mpaka juu ya koti."

Profesa alikitazama kile chakula kwa muda mrefu. Halafu akainamisha kichwa, akala. Alikula mpaka punje ya mwisho, akanywa supu yote, na miwani yake ikajaa ukungu asiifute. Tome alidhani ni mvuke wa supu.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Akija, hula chakula chake, kisha hula sinia la Sohei, kichwa chini, kama mtu anayetumikia adhabu. Lakini alikuwa akija.

"Mama," alimwuliza wakati majani yakipukutika, "mwanao akirudi akiwa amebadilika, utampokea?"

"Amebadilika vipi? Ameoa?"

Profesa akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na kicheko chake kilikuwa kama cha kijana. "Tuseme zaidi ya hapo."

"Hata akirudi na pembe, nitamtobolea kofia."

Kicheko kikakatika. Profesa akatazama bakuli lake, akaushika ukingo wake kwa mikono miwili.

Majira ya baridi dude lilizidi kuja. Kila lilipokuja Akagane alilirudisha, lakini kwa shida zaidi. Mara ya mwisho alianguka juu ya soko la samaki akachelewa kuinuka. Watu waliokuwa wakimwimba wakaanza kunung'unika. Akagane amechoka, walisema. Akagane anatuvunjia soko. Mwanadamu ukimbeba mgongoni, siku ya kumtua anakulaumu kwamba ardhi ni baridi.

Katika siku zile Tome akashikwa na homa. Alilala chumbani kando ya jiko, mlango wa karatasi ukiwa wazi, akihesabu mbao za dari. Kinu alimletea tofu laini, akamwambia akifa asimwachie yale masufuria mabovu. Jioni akaja Profesa. Alikuta mkahawa umefungwa, akaingia, akavua koti, akawasha moto. Alipika uji, ukaungua.

"Mwalimu, hata uji?"

"Nimesomea mambo mengi, Mama. Uji haukuwamo."

Tome aliula hivyo hivyo. Kisha akapika wali mpya, yaani alimwelekeza Profesa kutoka kitandani naye akapika, na huu haukuungua. Jua lilikuwa linazama.

"Ninakuomba jambo," Tome akasema. "Niandalie sinia la Sohei. Mimi nikisimama nyumba inazunguka."

Profesa akanawa mikono. Akalaza vijiti. Akaweka achari na kipande cha kibua alichokuwa amekichoma upande mmoja zaidi ya mwingine. Akachukua bakuli la Sohei lenye ufa mdogo, akafunua sufuria, akachota mwiko mmoja mkubwa wa wali, akautia bakulini. Akaulaza mwiko. Akafunika sufuria.

"Mwalimu."

"Naam, Mama."

"Umempakulia mara moja."

Mkono wake ukabaki juu ya kifuniko cha sufuria. Hakuna mtu wa Nadaura anayekosea hapo. Mtoto mdogo, kabla hajajua kufunga mkanda wake, huwa amekwisha kupigwa kofi mkononi kwa jambo hilo. Angeweza kusema, samahani, nimechoka, nilisahau. Tome alimngojea aseme hivyo. Angekubali kumwamini. Moyo wake ulimwomba aseme hivyo.

Profesa hakusema. Alikuja mpaka mlangoni mwa chumba, akapiga magoti, akaweka paji la uso juu ya mkeka.

"Sohei yu hai," akasema.

Tome alijishika kwenye blanketi. "Kama yu hai, kwa nini umempakulia wali wa maiti?"

"Kwa sababu kesho nitamwua."

Nje, theluji iliteleza kutoka paani ikaanguka kwa kishindo. Tome akangoja kishindo kiishe.

"Inuka," akasema. "Siwezi kusikia maneno yanayosemwa na mkeka. Inuka uniambie."

Akamwambia. Siku ile ya kwanza alimtoa Sohei kwenye kifusi yeye mwenyewe, kifua kimepondeka, moyo umesimama. Kule nyumbani kwake kulikuwa na moto alioutengeneza kwa miaka mingi, mdogo kama kokwa ya pichi, wa kuangaza miji mizima. Akautia kifuani mwa Sohei.

"Sikumwuliza. Aliyekufa haulizwi. Alipoamka, moto ulikuwa umemgeuza. Akiuamsha anakuwa mkubwa vile, na akiulaza anarudi kuwa mtu, ingawa uso huchelewa. Nikamweleza kwamba dude linaufuata moto wowote mkubwa, hata wa viwanda na garimoshi, na kwamba yeye peke yake ndiye anayeweza kulizuia. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Aliomba jambo moja tu, nisikwambie mpaka awe na uso utakaoutambua."

"Akagane," Tome akasema polepole. Alimkumbuka alivyoanguka juu ya soko la samaki, na yeye alikuwa kilimani akisema maskini, kama mtu anavyosema juu ya mtoto wa wengine.

"Kila akienda, kurudi kwake kunapungua. Sasa shaba imemfika shingoni. Vyombo vyangu vinaonyesha dude limeanza kupanda, na safari hii ni lazima livutwe mpaka kilindini, moto upasuke huko nalo. Atakayekwenda hatarudi. Yeye anajua. Amekubali."

"Hakuna njia nyingine?"

Profesa alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi, na macho yake hayakuwa na mahali pa kujificha.

"Tangu majani yalipopukutika, moyo wake mwenyewe unapiga. Ningeweza kuutoa ule moto nikamrudisha kwako. Lakini moto huo ukikosa mwili ulio hai unazimika, na ukizimika mji huu umekwisha. Kila jioni nilikuja hapa nikitaka kukwambia. Nikala chakula chake. Nikarudi nikamtuma tena."

Hapo ndipo Tome alipoelewa yule mtu alikuwa akila nini miezi yote ile. Alitaka kumchukia. Alijaribu, kama mtu anavyojaribu kuinua kitu kizito akiwa mgonjwa, akakiacha. Aliona tu ule uzi kwenye miwani, na kikapu cha makaa kilichojaa.

Upande wa pili wa ukuta wajukuu wa Kinu walikuwa wakikohoa na kugombania blanketi.

"Siwezi kukwambia usimtume," Tome akasema. "Unawasikia hao? Nawasikia kila jioni. Nikisema usimtume, kesho nitawasikiaje? Lakini usimzike kabla hajafa, Mwalimu. Baba yake nilimfanyia hivyo. Nenda ukampakulie tena."

Profesa akarudi jikoni. Akafunua sufuria. Akachota mara ya pili, na punje chache zikaanguka sakafuni. Akaziokota moja moja akazila.

"Na asiende bila kula," Tome akasema kutoka kitandani. "Mwanangu hajawahi kwenda kazini na tumbo tupu. Mlete hapa kwanza, awe na uso asiwe nao."

"Nitamleta, Mama."

Tome alimwambia ale sinia, kama siku zote. Lakini Profesa alikuwa tayari analifunga lile bakuli katika kitambaa, na samaki, na achari. Leo mwenyewe atakula, alisema. Akaliweka chini ya koti lipate joto. Mlangoni Tome alimsikia akivaa viatu, kisha akisimama.

"Ahsante, nimeshiba," Profesa akasema.

Ndivyo watu husema wanapoinuka baada ya kula. Naye siku hiyo hakuwa ametia kitu kinywani pale.

King'ora kililia siku ya pili alasiri. Homa ilikuwa imeshuka. Tome alikuwa jikoni tangu asubuhi, wali umeiva, supu inachemka. Kinu aligonga mlango kwa kiganja.

"Dada, kilimani!"

"Tangulia."

"Nitangulie wapi? Nikubebe kama gunia la soya?"

"Nina mgeni. Peleka watoto."

Kinu alimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa na homa, akatukana kidogo, akaenda na wajukuu wake. Mtaa ukawa mtupu. Ardhi ikaanza kutikisika, na mabakuli rafuni yakanong'onezana. Tome akapunguza moto chini ya supu, kisha akauongeza tena.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Alisimama pale mtu ameegemea ukuta, ndani ya koti la Profesa, na viatu vya Profesa vimembana miguuni. Amekonda, ndevu zimemwota. Chini ya sikio ngozi yake iling'aa shaba, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vya shaba mpaka kwenye kiganja. Lakini uso ulikuwa uso.

"Mama," akasema, "nimerudi."

Kuna jibu la neno hilo, karibu nyumbani, kila mama analijua. Tome alitazama viatu vile.

"Vua viatu," akasema.

Sohei akavua. Akakaa mkekani akihema, na koti lilipofunguka Tome aliona kovu jipya kifuani, limejifunga kwa mstari mwembamba wa shaba kama ufa wa bakuli uliozibwa.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Jana aliniletea chakula chako, nikala. Kisha akanidunga sindano nikalala. Leo nilipoamka, moto haukuwa kifuani mwangu, na shaba ilikuwa imepungua mwilini. Alikuwa amekaa kando yangu anatetemeka kama mwenye homa, na vidole vyake vinang'aa. Sijui alijifanyiaje. Akanivalisha koti lake. Akasema, nenda nyumbani, mama yako amekataza kwenda bila kula. Nikamwuliza, na wewe je? Akasema yeye alikula jana."

Tome akaketi chini.

"Hakula," akasema.

Mlango ukafunguliwa tena kwa nguvu. Kinu alikuwa amerudi, hana pumzi, shali limeanguka. "Watoto nimemwachia mtawa. Sasa utakuja au nikuburu—" Akamwona Sohei. Akakaa pale pale kwenye theluji ya kizingitini. "Mwana huyu," akasema kwa sauti isiyokuwa yake. "Na mimi nilikuwa nashika njia kwenda kukizika kiatu chako."

Mngurumo ukawafanya wote wageuke. Kati ya nyumba mbili, pale ghuba inapoonekana, dude lilikuwa limesimama majini. Na kutoka upande wa rasi alikuwa anakuja Akagane.

"Mbona leo anatembea kama mzee wa baridi yabisi?" Kinu akauliza.

Alitembea polepole, akiyapima maji kwa mguu kama mtu anayeingia bafuni. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Alipofika mbele ya mji akasimama, akatazama upande wa mapaa, na mkono mkubwa wa shaba ukapanda mpaka usoni, mahali pasipo na pua, kidole kimoja kikasukuma juu kitu ambacho hakikuwapo.

Tome alishika nguzo ya mlango. Akainama, kiuno chote, kama anavyoinamiwa mgeni mkubwa anapoondoka. Kinu hakuelewa, lakini akainama naye.

Akagane hakulipiga lile dude. Alipita kando yake akaelekea kilindini, na dude likageuka na kumfuata kama ng'ombe anavyofuata chumvi. Maji yakamfika kiunoni, yakafika lile bega la kushoto, kisha la kulia, kisha taa zile mbili zikaingia chini. Baada ya hapo bahari ikang'aa kwa ndani, rangi ya birika jipya. Ikazimika. Wimbi likaja, likapanda ngazi za soko la samaki, likasita, likarudi.

Kilimani walikuwa wakishangilia. Sauti zao zilifika pale zimekonda kwa baridi.

Tome akaingia ndani. Akampakulia mwanawe wali, mara ya kwanza, mara ya pili. Sohei alikula akilia, na mama yake hakumwambia anyamaze.

Mjini walisimamisha jiwe la Akagane penye gati, na kila mwaka huwekwa maua. Profesa Kuzuhara hakuwekewa kitu. Watu waliona nyumba ya rasini tupu wakasema alikimbilia Tokyo siku ile ile. Wasomi ndivyo walivyo, mambo yakiwa maji ya shingo huwaoni. Walisema hivyo sokoni, walisema hivyo katika bafu la mtaa, na Tome alikuwa akijisugua magoti na kusikiliza. Hangeweza kuwajibu. Watu wa serikali walikuwa wamekuja na magari, wakaipekua ile nyumba, wakauliza ule moto ulitengenezwaje na ulikaa ndani ya nani. Wangejua, wangekipasua kifua cha Sohei kutazama. Kwa hiyo Sohei alivaa glavu, akasema alipotewa na kumbukumbu katika hospitali ya mbali, na jina la Profesa likaachwa lichafuke. Jambo hilo lilimuuma Tome kila siku, na halikuacha kumuuma.

Aliendelea kuandaa sinia.

"Mwanao yuko jikoni anakata figili," Kinu akamwambia. "Hilo ni la nani sasa?"

"La mtu aliye safarini."

"Nani?"

"Mtu wa nyumbani."

Kinu alifungua mdomo. Kisha macho yake yakaanguka mlangoni, penye viatu vya mwanamume, vyeusi, vimepakwa mafuta, vimegeuzwa vizuri vitazame nje. Sohei alikuwa na mguu mkubwa kuliko vile. Kinu akafunga mdomo. Asubuhi iliyofuata alileta tofu mara mbili, na kile kipande cha pili kilikuwa cha ile laini anayowawekea wateja wa harusi.

"Hiki cha sinia," akasema, akatazama pembeni. Na juma lile lile, katika bafu la mtaa, mwanamke mmoja aliposema tena habari za msomi aliyekimbia, ndoo ya maji baridi ya Kinu ilimmwagikia mgongoni. Kinu aliomba radhi sana.

Sasa Tome amezeeka, kifua kinambana kila baridi ikianza, na Sohei ndiye anayeandaa sinia jioni. Ule mkono wake wa vidole vya shaba si mwepesi, huangusha vitu. Supu huichemsha sana, kama alivyofundishwa. Tome hulala chumbani amegeukia ukuta. Hatazami. Anasikia kifuniko cha sufuria kikifunuliwa. Anasikia mwiko ukiingia kwenye wali na kugonga ukingo wa bakuli.

Kisha pananyamaza. Sohei naye ni mtu mzima, alimpenda yule mzee, na anajua alikokwenda. Tome anazuia pumzi yake. Theluji inateleza paani, bati halipigi kelele.

Mwiko unaingia tena kwenye wali.